Vitu vya Mtu Aliye Safarini

Ruangwa,
10 Septemba 2006

Mjomba wangu Eustace,

Shikamoo. Mama Obadia naye shikamoo yake mpelekee, usimsahaulishe kama kawaida yako.

Nimerudi kwenye kalamu kwa sababu ile simu ya Jumapili ilinitoa jasho. Nilipiga kelele "Mama anaumwa mgongo!" mpaka walimu wenzangu wakatoka nje kuuliza mama yangu kafanyaje, na wewe ukanijibu kwamba mbaazi zimekomaa vizuri. Masikio yako na simu hayaelewani, Mjomba. Tuandikiane tu, karatasi haitaki kupigiwa kelele.

Mgongo wa mama una nafuu. Anakatazwa kuinama, anaitikia, nikienda shuleni anainama. Anasema kaka yake akipata mtu wa kuja huku ampe ming'oko ya porini ya kuchemsha, maana inayouzwa hapa ni mizizi mitupu. Mimi mzima, ila kidato cha pili wataniua. Juzi mmoja ameniuliza kama kompyuta ikiugua malaria inapewa chloroquine. Nilicheka mpaka chaki ikanidondoka.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Mama Obadia alinidokeza mwezi uliopita kwamba ile kompyuta ya kwenu inatoa kioo cha bluu chenye maandishi meupe, kisha inajizima. Fundi wa mjini kasema ni virusi na kwamba mfumo wake umekwisha. Mfumo ndio unaoifanya kompyuta ijue kuwa ni kompyuta, bila huo ni boksi la kuwekea kitambaa cha kudarizi. Sasa kwenye semina ya walimu Mtwara nilifundishwa mfumo mwingine, unaitwa Ubuntu. Haushiki virusi ovyo, na ni wa bure. Watu wa nchi mbalimbali wameutengeneza kwa kushirikiana, anayeutaka anaandika anwani yake, wanamletea CD kwa posta, hata stempu halipi. Niliomba, zimenifikia kadhaa.

Moja nampa Bakary, kondakta wa basi la huko. Unaitumbukiza kwenye mashine, unafuata karatasi ya maelezo, inafuta uozo wote wa zamani na kuanza upya. Watu wa Nachingwea wakuletee tena barua zao za kuchapa, uache kukaa barazani ukigombana na majirani.

Mpwa wako,
Josephina


Nachingwea,
2 Oktoba 2006

YAH: CD ULIYOMPA BAKARY

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako pia mwambie marahaba, najua hakuniamkia, siku hizi anajifanya tumelingana umri. Dawa ya mgongo wa Getruda ni moja tu, fungia jembe ndani na ufunguo uende nao shuleni. Ming'oko nitatafuta. Sisi hatujambo. Mikorosho yangu ya Mkotokuyana imechanua mpaka watu wanaopita wanaisalimia, tumwombe Mungu ukungu usiingie.

CD imefika, ila imefika vibaya. Bakary aliiacha kwa Mama Obadia bila barua, barua yenyewe akaisahau mfukoni akaileta kesho yake. Mama Obadia akaona kitu cha duara kinang'aa, hakina maelezo, akakitundika kwenye banda la kuku kumtishia mwewe. Na siku ile mwewe hakuja! Kwa hiyo siwezi kusema CD yako haifanyi kazi. Nimeitundua, nimeipangusa vumbi, iko kabatini.

Lakini itabaki kabatini. Kwanza, hilo la bure. Waliosema rahisi huvunja upishi hawakuwa wajinga. Mtu yuko huko Ulaya kwake, anatengeneza kitu, anakitia bahasha, analipa stempu, ananiletea mimi Eustace, wala hanijui hata kwa sura. Anataka nini? Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nikipokea ya kwake nirudishe nini, korosho?

Pili, na hili ndilo kubwa, mashine si yangu. Ni ya Obadia, unajua vizuri. Aliinunua Dar kwa jasho lake, akachapia watu hapa barazani, mimi mpiga taipu mstaafu nikimsahihishia nukta na mikato. Kisha akaniambia, Baba itunze, naenda Sauzi na Twaha wa Narung'ombe, nikirudi tunafungua duka la kuchapa, wewe meneja. Huu mwaka wa tatu. Yote aliyoyaandika yamo humo, na nyimbo zake, na picha. Wewe unaniambia CD inafuta uozo. Vya Obadia ndio uozo?

Vitu vya mtu aliye safarini havifutwi, Josephina. Vinavyoondolewa ni vya mtu aliyefanyiwa arobaini. Mwanangu hajafanyiwa arobaini.

Ni mimi mjomba wako,
Eustace


Ruangwa,
21 Oktoba 2006

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo YAH yako imenichekesha. Mimi si Mkurugenzi wa Halmashauri, ni Josephina uliyekuwa unambeba mgongoni. Mama naye kacheka habari ya mwewe mpaka mgongo ukamkumbusha. Anawasalimu nyote wawili.

Nisamehe kwa neno uozo. Nililisema juu ya virusi, wala sikumsema Obadia. Huyo binamu yangu nitamtukana mwenyewe siku nikimwona, haki yangu hiyo, lakini vitu vyake nisingevitupa.

Habari ya sahani nimeifikiria sana, ni swali zuri kuliko yote niliyosikia semina. Nijuavyo mimi, wale watu wanachotaka ni kwamba ukishapata nawe umpe mwingine. CD ile unaweza kuidurufu ukawagawia mtaa mzima na hakuna atakayekushitaki. Ndiyo namna ya kurudisha sahani, unaipitisha kwa jirani wa upande wa pili.

Sasa nisikilize. CD hii ina jambo moja ambalo sikukueleza kwa haraka zangu. Inaweza kuiamsha kompyuta bila kugusa chochote kilichomo. Mfumo unakaa kwenye CD yenyewe, kama mgeni anayekuja na mkeka wake, analala barazani, asubuhi anakunja anaondoka, vyombo vya ndani hakuvigusa. Hata ile diski iliyougua utaweza kuichungulia, uone vya Obadia vilivyo.

Fuata karatasi hii niliyoambatisha, nimeandika kwa herufi kubwa. Washa, weka CD, zima, washa tena huku ukigonga kitufe cha F12. Subiri, itachukua muda, usiigombeze. Kioo kitakuwa cha rangi ya udongo. Hapo juu pana maneno, nimekuchorea. Kuna kipicha kimoja kimeandikwa Install. HICHO USIKIGUSE. Hicho ndicho kinachofuta. Vingine vyote chezea utakavyo.

Wako mtiifu,
Josephina


Nachingwea,
19 Novemba 2006

Mpwa wangu Josephina,

Marahaba. Sikuandika YAH, nadhani umefurahi, ila mkono unawasha. Nimechelewa kwa sababu korosho zimeanza kudondoka na hapa kila mtu ni mkulima, hata mwalimu wa kwaya haonekani. Mama Obadia ameanika mabibo, na wazee wenzangu wamekwisha jua pombe ya uraka ya mwaka huu itapatikana wapi. Bakary ana mfuko wa ming'oko ya mama yako. Mwambie Getruda ahesabu, simwamini kondakta mwenye njaa.

Nimeiwasha.

Niligonga hiyo F12 kama ninavyogonga mlango wa mdeni. Ikanguruma, ikanyamaza, nikasema basi nimeiua. Kisha ikaja hiyo rangi ya udongo na muziki wa ngoma. Mimi sikuusikia, Mama Obadia ndiye aliyekimbia kutoka jikoni akidhani wamekuja wageni. Nikafuata mchoro wako mpaka kwenye diski, nikagonga, ikafunguka.

Kila kitu kipo. Amepanga kama kabati la seremala. Barua za watu, kila mteja na jina lake. Nyimbo zake za bongo fleva ambazo nilikuwa nikimwambia azime. Picha. Yupo Mama Obadia anatwanga, amekasirika kupigwa picha. Nipo mimi nimelala kwenye kiti, mdomo wazi, mtoto hana adabu! Yeye mwenyewe yupo kwenye moja tu, amejipiga kwenye kioo cha kabati, sura nusu imezibwa na kamera. Niliitazama hiyo mpaka umeme ukakatika.

Sasa kila asubuhi naiwasha. Nilimchapia jirani yangu Saturnini maombi ya kiwanja, kurasa nzima, nikaona niyatoe kesho. Nikazima. Kesho yake hakuna kitu. Mgeni wako kakunja mkeka na maombi ya Saturnini ndani yake. Saturnini hanisemeshi.

Lakini mimi nimeridhika hivi hivi. Mgeni na aje na mkeka wake kila siku, sina haja ya kumjengea. Hicho kipicha cha Install nimebandika karatasi juu yake kwenye kioo, mtu asije akakigonga kwa bahati mbaya.

Mjomba wako,
Eustace


Ruangwa,
3 Desemba 2006

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ming'oko imefika, mama kahesabu, anasema Bakary kala minne au wewe ulikosea. Amepika yote siku hiyo hiyo na kukuombea dua. Mgongo umepona ghafla, unajua mwenyewe kwa nini.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Niliposoma habari ya picha ya kwenye kioo cha kabati nilitoka nje kidogo.

Lakini Mama Obadia kanipigia simu, kasema ile mashine siku hizi inagonga ndani, tak tak tak, hasa unapofungua picha. Wewe husikii. Mjomba, huo ni ugonjwa mwingine. Diski yenyewe inakufa. Siku moja itagonga mara ya mwisho, na hapo hakuna CD wala semina itakayorudisha hata picha moja. Ukiendelea kuifungua kila asubuhi ndio unaimaliza.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Kwanza tunanakili vyote vya Obadia kwenye CD tupu, viwe salama kabatini. Kisha nakuletea diski niliyoipata kwenye mashine mbovu ya shule, mkuu kaniruhusu. Ni ndogo, lakini nzima. Ya zamani inatoka, mpya inaingia, tunaweka mfumo moja kwa moja. Hutapoteza maombi ya mtu tena. Likizo ya Krismasi naweza kuja, ni kazi ya siku moja.

Najua unamngoja mwenyewe arudi. Akirudi akakuta diski imekufa, utamwambia nini? Samahani kwa kusema hivi, Mjomba, lakini unaogopa nini? Ni chuma tu.

Josephina


Nachingwea,
14 Januari 2007

Josephina,

Marahaba. Krismasi ilipita vizuri, Mungu ashukuriwe. Korosho tumeuza, bei usiniulize. Mvua zimeshika. Mama Obadia ana kikohozi kidogo. Saturnini amenisamehe, nimemwandikia maombi yake kwa mkono.

Uliniuliza naogopa nini na kwamba ni chuma tu. Nilikasirika, ndiyo maana hukupata jibu, na hukupata mwaliko wa Krismasi. Barua yako niliitia chini ya godoro. Sasa hasira imeisha, nakujibu.

Wewe umesoma, lakini umezaliwa huku huku na mambo haya unayajua. Wewe ni binti wa dada yangu, Obadia ni mwanangu. Ninyi ni mabinamu, kwetu mabinamu ni watani. Na kuna kazi ambazo baba haruhusiwi kuzishika kwa mkono wake. Baba hakunji nguo za mwanawe. Mama hatoi viatu vyake chini ya kitanda. Anaitwa mtani, anaingia chumbani, anakunja, anatoa, anafagia, huku anatukana, watu wanacheka na kulia kwa pamoja. Bila mtani vile vitu vinakaa vilevile mpaka mchwa waviondoe.

Mashine ile ndiyo chumba cha Obadia. Ifunguliwe, kitolewe kilichomo, kiwekwe kingine. Sikatai tena. Lakini kidole changu hakitabonyeza. Kazi hii ni yako. Njoo Pasaka, na uje kama mtani.

Mama Obadia usimwambie kitu kwenye simu.

Mjomba wako,
Eustace


Ruangwa,
25 Februari 2007

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na poleni na mvua. Kikohozi cha Mama Obadia kinaendeleaje? Mama anasema achemshe majani ya mpera. Huku mto ulijaa, mabasi hayakupita, Bakary kalala njiani na abiria wake wakila mahindi mabichi. Shuleni tumepata kidato cha kwanza wengi kuliko madawati. Na kuna mtihani wa wilaya. Na mkuu anataka nisimamie michezo. Kwa hiyo kuhusu Pasaka sijui kama nitapata nafasi, labda Juni, au tuseme Agosti, mambo yakitulia.

Haya niliyoandika juu nimeyasoma, na ninaona haya. Miezi yote hii ni mimi ninayekuhimiza, leo umesema ndiyo, mimi ndiye ninayepiga chenga.

Mtani haitwi kwenye chumba cha mtu aliye hai, Mjomba. Niliposoma barua yako nilikaa kitandani na viatu miguuni. Mimi nilikuja na CD, sikujua kwamba nimekuja na jembe la kaburi.

Halafu kuna jambo jingine. Mnadani mwezi uliopita nilimwona Twaha. Sikuamini macho yangu. Amekonda, amevaa koti kwenye jua. Nikaita "We Twaha!" nikamkimbilia nikicheka, mkono juu, nikitaka kumwuliza mwenzako umemwacha wapi. Akaniona. Akageuka akajipenyeza kwenye watu wa nguo za mitumba. Tangu siku hiyo najua anakaa Narung'ombe kwa mama yake, si mbali, ni mwendo wa baiskeli, na sijaenda. Kila Jumamosi nasema nitakwenda, kila Jumamosi nafua nguo ambazo ni safi.

Umesikia nini, Mjomba? Niandikie. Au usiniandikie. Sijui ninachotaka.

Josephina


Nachingwea,
18 Machi 2007

Mwanangu Josephina,

Marahaba, mwanangu. Kikohozi kimepoa. Sina habari nyingine za nyumbani.

Twaha alikuja kwangu kiangazi kilichopita, kabla hujanitumia CD. Alifika mchana, Mama Obadia akampikia kuku, akamwacha na mimi barazani. Ilimbidi anisogelee na kusema karibu na sikio, na hata hivyo nilimfanya arudie mara kadhaa, nikijifanya sijasikia. Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza.

Hawakufika Sauzi. Walikwama Msumbiji, wakifanya vibarua vya kupasua mbao. Homa ikampata Obadia msituni, wakambeba kwenye baiskeli kutafuta zahanati, akafia njiani. Walimzika kijiji kimoja cha Wamakua, watu wema, walitoa sanda. Mkristo hakuwapo, basi Twaha ndiye aliyemsomea kwa dua za kwao. Alinililia, akaniuliza kama alifanya kosa. Nilimwambia hapana. Ni mwaka mzima alitangatanga huko akiogopa kurudi bila mwenzake. Usimkasirikie kwa kukukimbia.

Nikamsihi asimwambie mtu, nikisema nitamwambia mwenyewe mama yake. Sijamwambia. Kila siku nafungua mdomo, ninaongea bei ya korosho. Nilipokuandikia kwamba mwanangu hajafanyiwa arobaini sikudanganya, hajafanyiwa kweli. Nilifikiri maadamu vitu vyake vimo kwenye mashine, na mama yake hajajua, basi bado kuna sehemu mbili ambako yuko hai, na mimi ndiye mlinzi wa zote mbili. Nimechoka, Josephina. Kazi hii si ya mtu mmoja mzee.

Habari ya namna hii mwenye kuileta nyumbani ni mtani. Njoo Pasaka na diski yako. Waambie watu unakuja kutengeneza kompyuta, wala si uongo.

Mjomba wako


Nachingwea,
22 Aprili 2007

Mpwa wangu,

Salamu kwa Getruda. Sikukushukuru vizuri, basi lilikuwa linapiga honi na wewe una mizigo.

Nataka kukuuliza jambo, na ni aibu kuuliza, lakini nimuulize nani? Siku ile mimi nilikuwa mbele ya mashine nikitazama picha zinavyonakiliwa, wewe na Mama Obadia mko barazani mnapepeta mbaazi. Nilikuwa nawaona kwenye kioo cha dirisha. Niliona midomo tu. Uliongea, mwenzako akaweka ungo chini. Kisha akacheka! Nikasema huyu mtoto ameshindwa, kasimulia habari ya wanafunzi wake. Kisha nikamwona anajifunika khanga usoni, na wewe umemshika.

Baadaye akaingia, macho mekundu, akasimama nyuma yangu. Ulipobadilisha diski na mashine ikauliza kama iendelee, wewe ulinitazama mimi, mimi nikatazama ukuta. Ni yeye aliyenyoosha mkono akabonyeza.

Tangu siku hiyo tunakula pamoja, ananitengea vizuri, lakini hatujalisema. Kwa hiyo sijui anajua kiasi gani, nami naogopa kuanza. Alisema nini?

Eustace


Ruangwa,
6 Mei 2007

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama amelia siku nyingi, anakuja kwenu mwezi huu akae na wifi yake. Mimi nilikwenda Narung'ombe. Twaha alinipa kiti, tulimenya muhogo.

Siku ile barazani nilianza kama ulivyoniagiza. Nilimtukana. Nilisema, "Mama Obadia, huyo mwanao ni mvivu wa kuzaliwa, ameona mikorosho imezaa akakimbilia Msumbiji kulala." Akanitazama. Nikasema, "Na amelala kabisa. Haamki." Nilitaka kuendelea na matusi, ndiyo kazi ya mtani, lakini yaliniishia mdomoni.

Akaweka ungo chini. Akasema, "Twaha hakula kuku wangu."

Alijua, Mjomba. Tangu siku ileile. Kijana ametoka safari ya mbali, amewekewa ugali na kuku, anamega kidogo, ananawa, anashindwa kumtazama mpishi. Anasema alipotoa ile sahani ilikuwa nzito, akajua. Nikamuuliza mbona hukusema. Hapo ndipo alipocheka. Alisema, "Nimwambieje mzee wako? Namwona kila asubuhi anakwenda kumtazama mtoto kwenye kioo. Nikasema ngoja, labda hakumsikia vizuri Twaha, masikio yale. Siwezi kumpigia kelele jambo hili, mtaa mzima usikie kabla yake." Alidhani hujui. Ndiyo maana alinidokeza habari ya kompyuta ili niitengeneze, uwe na kitu mkononi siku ukijua.

Akacheka hivyo, akalia. Mnafichana mtoto mmoja humo humo ndani. Mwambie, Mjomba. Anakungoja wewe, amenikataza nisikwambie, na mimi nimekwambia.

Josephina


Nachingwea,
17 Juni 2007

Mpwa wangu Josephina,

Marahaba. Hii nimeichapa kwenye mashine na kuitoa kwa printa ya parokia. Mama yako yupo hapa, amepewa kiti, amekataza watu wote kuinama.

Nilimwambia. Nilimpeleka Mkotokuyana kwenye mikorosho, mbali na nyumba za watu, kwa sababu mimi nikiongea nadhani nanong'ona kumbe napiga kelele. Tulikaa chini pale. Sitaandika tuliyosema. Tulirudi jioni tumeshikana mikono, wazee wazima, na Saturnini alituona akageukia upande mwingine kwa heshima.

Padri amepanga Misa Jumamosi tarehe 14 Julai. Twaha atakuja na mama yake. Nilimuuliza padri juu ya zile dua alizomsomea, akanijibu kwamba aliyezikwa na rafiki yake anayemlilia amezikwa vizuri. Nikamwomba aseme hivyo hivyo kanisani, Twaha asikie.

Tangazo la Misa naliandika mimi. Kwa kalamu nilishindwa wiki nzima. Nikifika kwenye jina lake mkono unasimama, wino unafanya doa, naanza karatasi nyingine. Basi nikaja hapa kwenye mashine. Nikaandika Obadia Eustace. Nikarudi nyuma nikaweka marehemu mbele yake. Nikafuta. Nikaweka. Nikafuta tena, na mashine hainiulizi kitu, haichoki, karatasi haichafuki. Nimekaa nayo asubuhi nzima namna hiyo.

Huu mfumo wako haujui Kiswahili. Kila neno langu unalipigia mstari mwekundu kama mwalimu mkali. Ulipiga chini ya jina lake, ukapiga na chini ya marehemu, kwamba neno kama hilo halipo, nimekosea, nirekebishe. Nikauambia, hata mimi nilisema hivyo hivyo mwaka mzima.

Kisha nikaliacha palepale, mbele ya jina lake. Tangazo liko nyuma ya karatasi hii, lisome, kama kuna kosa la nukta niambie. Njoo siku moja kabla, Mama Obadia anataka umsaidie kupika.

Mjomba wako,
Eustace